Mwombaji kazi apekuliwa, mwenye ufunguo aachwa

Kaunti zetu za Pwani zikitangaza kazi, hata ya karani au dereva, mara nyingi chini ya tangazo huwapo orodha ileile: cheti cha maadili mema kutoka kwa wapelelezi wa DCI, kibali cha KRA, cha EACC, cha HELB, na cha kampuni zinazoweka rekodi za wakopaji. Hoja inayotolewa ni Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, ile ya uongozi na uadilifu.

Nia si mbaya. Serikali ina haki ya kumjua anayeingia nyumbani mwake. Ila haina wapelelezi wa kutosha kumchunguza kila mtu kwa kina, kwa hivyo ni lazima ichague nani aanze na nani arudiwe. Hapo ndipo tunapokosea.

Chukua cheti cha maadili mema. Ada yake imekuwa ikizidi kidogo shilingi 1,000, na alama za vidole huzitoi kwa simu. Kijana wa Faza au Kiunga aanze na nauli ya boti. Akishakipata, cheti kinasema tu kwamba alama zake hazikuonekana kwenye rekodi za jinai. Hakisemi kama diploma yake ni ya kweli, wala atafanya nini akikabidhiwa nywila ya mtambo wa forodha.

Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa matokeo ya ukaguzi wa vyeti vya masomo. Kati ya watumishi wapatao 28,000 wa taasisi 331, watu 2,067 walikutwa na vyeti bandia. Hao walikuwa wameshaajiriwa. Miaka mitano kabla, Mei 2019, wafanyakazi 75 wa KRA yenyewe waliandamwa na wapelelezi kwa tuhuma za hongo na kuwasaidia wakwepa kodi. Makaratasi ya siku ya kuajiriwa hayawezi kuona yanayokuja baadaye.

Marekani ililipia somo hili kwa gharama kubwa. Huko vibali vya siri hupangwa kwa ngazi tatu, kulingana na madhara ambayo nchi itapata siri ikivuja. Hata hivyo Edward Snowden, aliyetoa nyaraka za ujasusi mwaka 2013, alikuwa na kibali cha ngazi ya juu kabisa. Mwaka huohuo, mtu aliyewaua watu 12 katika kambi ya jeshi la majini mjini Washington aliingia kwa kibali halali. Mazoea yalikuwa kumchunguza mtu, kisha kumwacha miaka mitano au kumi hadi zamu yake irudi. Kufikia 2018 mafaili yaliyosubiri uchunguzi yalipita 700,000. Ndipo wakageukia kuwafuatilia wenye vibali muda wote: kesi mpya, kukamatwa, madeni ya ghafla. Na tuongeze hili: mwaka 2015 iligunduliwa kwamba wadukuzi walikuwa wameiba kumbukumbu za uchunguzi za watu milioni 21.5. Anayekusanya siri za watu ajue pa kuzificha.

Sasa tujiulize, huku kwetu nani ana ufunguo? Mimi ningeanza na masjala ya ardhi. Mpwani hahitaji kuelezwa faili la shamba likipotea maana yake ni nini. Kuna koo zilizogeuka maskwota katika ardhi ya babu zao. Karani anayeshika majalada hayo anaweza kudhuru watu wengi kuliko madereva mia. Wafuate maafisa wa forodha bandarini, wa uhamiaji pale Lunga Lunga, na wanaoidhinisha malipo ya kaunti. Hawa ndio wa kurudiwa kila mwaka, vyeti vyao vithibitishwe shuleni vilikotoka, mali yao ilinganishwe na mshahara. Fomu za kutangaza mali zimekuwapo tangu sheria ya 2003, hujazwa kila baada ya miaka miwili, lakini ni nani amewahi kusikia zimemnasa karani wa ardhi?

Badala yake nguvu nyingi zilikwenda kwa raia. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani waliwekwa mbele ya kamati za wazee kuulizwa babu yao ni nani kabla ya kupata kitambulisho, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza mwisho wa msasa huo. Uchunguzi unaotazama jina na asili ya mtu humchosha asiye na hatia, na mwenye hongo hupita.

Bodi za utumishi za kaunti zingeweza kuanza na jambo dogo: vibali viombwe kwa yule tu aliyekwisha kufaulu usaili. Waombaji 400 wakigombea nafasi tatu, 397 watabaki na nauli zao mfukoni, na wapelelezi watabaki na watu watatu wa kuwachunguza sawasawa.