Kwa Mashua Kati ya Visiwa vya Mawe vya Ziwa Turkana

Ludara, katika wilaya ya Koboko, ni nchi ya mashamba. Mwenyeji wake anayetaka kuonja safari ya mashua hana budi kuteremka hadi Mto Nile, pale Rhino Camp au Pakwach. Lakini mbali upande wa mashariki, ng'ambo ya Karamoja, liko ziwa ambalo samaki na mamba wake ni jamaa wa hao wa Nile. Nalo ni Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Maelfu ya miaka iliyopita lilijaa hata likafurika kuelekea Mto Sobat na kuungana na Nile. Kisha mvua zikapungua, maji yakashuka, na ndugu wakatengana. Ndiyo sababu sangara huvuliwa huku na huko.

Ziwa hilo, lililoitwa Rudolf hadi mwaka 1975, lina urefu wa kilomita 250 hivi. Ndani yake mna visiwa vitatu vilivyozaliwa na volkeno: cha Kaskazini, cha Kati na cha Kusini. Watembezi wengi huenda cha Kati, wakipanda mashua ya injini upande wa Kalokol. Huko hakuna mji wala duka. Kuna mawe meusi, changarawe inayounguza nyayo, na mianya itoayo mvuke wenye harufu ya kiberiti. Apandaye juu huona chini yake maziwa matatu madogo ndani ya mashimo ya volkeno: la Mamba, la Heroe na la Perege. Ziwa ndani ya kisiwa, na kisiwa ndani ya ziwa! Mamba hutaga mayai papo hapo, kwa hiyo mtoto hawezi kuachwa peke yake ukingoni hata kwa dakika moja.

Raha yote hiyo hutegemea upepo. Huvuma kutoka kusini-mashariki, aghalabu kwa ukali usiku na asubuhi, nao ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyozinduliwa mwaka 2019 karibu na ufuko wa mashariki. Ukivuma, maji yaliyokuwa kimya huinuka mawimbi ya kupindua mashua.

Mwezi wa Julai 1934 Martin, mpima ardhi, na Dakta Dyson walibaki katika Kisiwa cha Kusini. Walikuwa wa msafara wa Vivian Fuchs, Mwingereza ambaye baadaye alivuka bara la Antaktika. Wenzao waliokuwa nchi kavu waliona moto wa ishara kisiwani, wakajua kwamba wamefika salama. Siku ya kurejea ikapita. Ndege zikatafuta, zisione mtu. Makasia, madebe na kofia vilikuja kuokotwa ufukoni upande wa magharibi. Wenyewe hawakuonekana tena.

Kwa hiyo nahodha wa Kalokol akisema leo haiendeki, abiria wenye busara hutandika mkeka na kungoja, hata kama likizo ya askari imebakiza siku mbili tu. Akikubali, kila mmoja huvaa jaketi la kuokolea, mama na mtoto mchanga wakiwa wa kwanza. Tena, maji ya ziwa hilo yana magadi, hayakati kiu. Mitungi ya kunywea hujazwa nchi kavu kabla injini haijawashwa.