Vikundi vya Wasichana: Mahali pa Kusema na Kusikilizwa

Katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana liko mbali na kazi ya polisi, nalo ni vikundi vya wasichana. Tunaliandika kwa sababu makosa mengi yanayomdhuru mtoto wa kike hutanguliwa na upweke wake. Msichana asiye na mtu wa kumweleza linalomsibu ndiye anayetafutwa na mwovu, maana mwovu hutegemea kwamba msichana huyo hatasema.

Nyamyumba iko kusini mwa mji wa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Ni tarafa yenye shughuli nyingi: kiwanda cha bia cha Bralirwa, chemchemi za maji moto zinazoleta wageni, na wavuvi wa sambaza wanaokesha ziwani. Mpaka wa Goma nao hauko mbali. Pahali pa namna hii pana riziki, lakini pia hupita watu wengi wasiojulikana, wengine wakiwa na ahadi za kazi za mjini na zawadi ndogondogo. Tena, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika zaidi. Nyumba hujengwa upya na mtu mzima akaiona kazi imekamilika, ilhali binti aliyeshuhudia maji yakiingia ndani hushtuka mvua inaponyesha usiku. Hofu hiyo haina budi kupata pa kutulia.

Kikundi humsaidiaje? Kwanza, kina siku yake na saa yake. Msichana ajuaye kwamba kila Jumamosi alasiri wenzake watamngoja, na kwamba asipofika ataulizwa, huacha kujiona mzigo kwa watu. Pili, kikundi humpa kazi: huyu hutunza daftari la mahudhurio, yule huongoza nyimbo, mwingine hufundisha wenzake kusuka vikapu. Mtu hujihisi ni wa mahali fulani pale mahali hapo panapohitaji mkono wake. Tatu, humo husikia kwamba jambo lililomwaibisha limewapata wengine pia: hedhi ya kwanza iliyomkuta darasani, kufeli mtihani, ugomvi wa wazazi, maneno ya mvulana njiani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa binti, maradhi hayo mara nyingi ni huzuni isiyopata pa kusemewa.

Njia hii si ngeni katika ukanda wetu. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulianzishwa mradi wa Tuseme, ambao wasichana wa sekondari hutambua wenyewe matatizo yanayowakwaza, wakayatungia mchezo wa kuigiza, wakauonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha wote wakajadili la kufanya. Shirika la FAWE lilieneza klabu za Tuseme katika nchi nyingi za Afrika, Rwanda ikiwemo. Faida ya mchezo ni kwamba binti asiyeweza kusema "mimi nilitendewa hivi" huweza kuigiza mhusika aliyetendewa hivyo, na wenzake wakaelewa. Chama cha Guides nacho, Association des Guides du Rwanda, hukusanya wasichana katika makundi madogo ambamo wakubwa huwaongoza wadogo.

Tunakiri kwamba baadhi ya wazazi wana wasiwasi. Husema binti atajifunza ukaidi, au kazi za nyumbani zitalala. Jibu letu ni kwamba wazazi wana haki ya kujua kikundi kinakutana wapi, saa ngapi na chini ya nani. Kikundi chema hukutana mahali pa wazi panapojulikana, kama vile darasa la shule au ukumbi wa kijiji, na huwaachia watoto mapema wafike nyumbani jua halijazama. Kina viongozi wanawake wasiopungua wawili, wanaojulikana na uongozi wa kijiji. Mzazi aliyeyaona hayo anaweza kumwachia bintiye saa mbili kwa juma, naye atarudi akiwa mwepesi zaidi wa kuzungumza.

Jambo lililo gumu zaidi ni siri. Kiongozi huwaahidi wasichana kwamba yanayosemwa ndani hayatoki nje, na bila ahadi hiyo hakuna atakayefungua kinywa. Lakini ahadi hiyo ina mpaka, na mpaka huo utajwe tangu siku ya kwanza: mtoto akiwa amedhuriwa, au akiwa hatarini, kiongozi atatafuta msaada, na atamweleza mtoto mwenyewe kabla ya kufanya hivyo. Kiongozi asiahidi asichoweza kukitimiza.

Ikitokea binti akasema kwamba amenajisiwa, kiongozi amsikilize bila kumhoji kama mpelelezi na bila kumlaumu. Asimwache aoge wala kufua nguo alizovaa, kwa kuwa ushahidi hupotea. Ampeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI sharti zianze ndani ya saa 72. Katika Hospitali ya Gisenyi kuna kituo cha Isange, ambapo mhanga hupata matibabu, ushauri wa kisaikolojia na msaada wa kisheria mahali pamoja, bila malipo. Huduma hii ilianza Kacyiru mwaka 2009, na jina lake la Kinyarwanda lamaanisha kujisikia uko kwenu.

Zipo familia zinazopenda kuyamaliza nyumbani kwa fedha au kwa mbuzi. Mapatano hayo hayamponyi mtoto, na humwacha mkosaji huru kurudia kosa lake kwa binti wa jirani. Kumnajisi mtoto ni kosa la jinai ambalo wazee wa pande mbili hawana mamlaka ya kulisamehe.

Nasi polisi tuna nafasi yetu. Hatupendekezi askari akae ndani ya kila kikao, kwani mbele ya sare hata mtu mzima hupima maneno yake. Tunapoalikwa tutakuja, tutaeleza sheria, tutajibu maswali, kisha tutawaachia wasichana kikao chao.

Kuanzisha kikundi hakuhitaji mfuko mkubwa. Wanahitajika wanawake wawili waaminifu, mahali, na siku isiyobadilika. Waalikwe pia wasichana walioacha shule, waliozaa mapema na wenye ulemavu, kwa maana hao ndio husahauliwa kwanza. Mashauri yaweza kuanzia kwa Inshuti z'Umuryango, mwanamume na mwanamke wanaojitolea kuzisaidia familia katika kila kijiji, au katika mkutano unaofuata umuganda.

Namba zifuatazo hupigwa bila malipo, na inafaa kila kikundi kiziandike ukutani: 116 kwa ulinzi wa mtoto, 3512 kwa ukatili wa kijinsia, na 112 kwa dharura ya polisi. Msichana azijue kwa moyo kabla ya siku ya kuzihitaji.