Mkokoteni Wako Umeshikwa na Nini?



Mvua zikiisha, alizeti ikikauka na mtama ukikatwa, inabaki kazi ya kuleta mazao nyumbani. Hapa kwetu Singida, wengi wetu tunatumia mkokoteni wa ng'ombe. Tukienda kuununua tunatazama magurudumu. Tunagonga mbao. Lakini pale mkokoteni unaposhikana na ng'ombe, nani anapatazama? Pakiachia hapo njiani, unaweza kupoteza mzigo, au maksai, au mtoto aliyekaa juu ya magunia. Basi leo tuzungumze habari ya kiungo hicho.

Mnyororo au mti?

Plau huvutwa kwa mnyororo, nalo ni sawa. Plau inashikwa na udongo. Ng'ombe wakisimama, nayo inasimama. Ukirefusha mnyororo, plau inazama zaidi. Ukiufupisha, inapanda juu.

Mkokoteni sivyo. Wengine husema, "Aa, mnyororo ule ule unatosha." Hautoshi! Mnyororo unajua kuvuta tu, haujui kuzuia. Kwenye mteremko mkokoteni utakimbia wenyewe na kuwagonga maksai miguu ya nyuma. Fikiri mteremko kama ule wa Sekenke, huko Iramba, nawe umepakia magunia. Kwa hiyo mkokoteni wa magurudumu mawili unataka mti mgumu wa kati, uliofungwa imara kwenye fremu.

Mti uwe mrefu kiasi gani? Wasimamishe maksai wako mahali pao. Kati ya miguu yao ya nyuma na mkokoteni ibaki nafasi ya hatua moja ya mtu mzima. Ukiwa mfupi, watajigonga. Ukiwa mrefu mno, kupinda kona ni shida.

Hata mti una kikomo. Nira ya shingoni haizuii vizuri kwenye mteremko mkali, maana inateleza kwenda mbele kichwani. Kama njia yako ina vilima, mwambie fundi aweke breki. Kama huna breki, punguza mzigo na shuka polepole. Watu wote washuke chini.

Pini

Nira na mti hushikwa kwa pini. Tumeona watu wakitumia msumari uliopindwa, au kamba ya katani. Msumari hukatika, na kamba husagika kidogo kidogo. Tumia pini nene ya chuma, yenye kichwa juu na tundu chini. Kwenye tundu tia kipini kidogo cha kuzuia, ili pini kubwa isiruke njiani. Kila asubuhi itazame. Ikianza kuliwa, badilisha.

Nira

Ng'ombe wetu wa asili, kama wale weupe wa Singida, wana nundu. Nira hukaa mbele ya nundu, na nundu ndiyo inayoisukuma. Upande unaogusa shingo uwe umelainishwa vizuri. Kidonda cha shingo kinaweza kumzuia maksai asifanye kazi siku nyingi.

Je, punda? Punda hana nundu. Ukimfunga nira ya ng'ombe unamtesa bure. Yeye avute kwa mkanda mpana unaopita kifuani, chini ya koo, usimzuie kupumua.

Pima kabla ya kuondoka

Ukishapakia, usifunge ng'ombe kwanza. Weka mawe kwenye magurudumu, halafu inua ncha ya mti kwa mikono.

1. Ikiwa nzito kama debe moja la maji au zaidi kidogo, ni sawa.
2. Ikiwa nzito mno, mzigo uko mbele, nao utaumiza shingo za maksai. Rudisha magunia nyuma.
3. Ikiwa inanyanyuka yenyewe, mzigo uko nyuma. Nira itawakaba maksai koo. Sogeza magunia mbele.

Maksai wawili wenye afya wanaweza kuvuta mkokoteni wenye mzigo wa karibu kilo 1000 kwenye njia ngumu iliyo tambarare, ukiwa na magurudumu ya mpira. Kwenye mchanga au mlimani, pakia nusu yake, au chini ya hapo.

Wenye pawatila

Tangu Kilimo Kwanza kilipotangazwa mwaka 2009, pawatila zimefika vijiji vingi. Ukifunga tela nyuma yake, sheria ni zile zile: pini nene yenye kipini cha kuzuia, na mzigo juu ya ekseli, ukielemea mbele kidogo. Ongeza mnyororo wa akiba, ili pini ikikatika tela lisikuache. Hapa mnyororo ni mlinzi tu, si kiungo. Na breki za tela zisikose.

Ndugu zetu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pini ni kitu kidogo mno kulinganisha na bei ya maksai mmoja. Na mtoto hana bei.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini mnyororo unafaa kwa plau lakini haufai kwa mkokoteni?
2. Utajuaje kwamba mzigo umekaa nyuma mno?
3. Kijijini kwenu, mteremko wa hatari uko wapi? Mnapita hapo kwa namna gani?