Kuizungusha Rahisi, Kuisimamisha Ndiyo Kazi

Anayekata nyasi kwa mashine ya umeme wa ukutani hukata huku jicho moja likiwa nyuma, kwenye waya. Unajisokota kwenye mwembe, unajificha majanini, na siku kisu kikiupitia, volti 240 ziko kwenye nyasi zenye umande. Haishangazi kwamba watu wanamwendea fundi na ombi moja: nifungie betri hii.

Fundi ataweza. Mashine itazunguka jioni ile ile. Swali ni kama itasimama.

Kwanza mota. Yenye brashi za kaboni hukubali hata umeme wa betri, ila kama ilisukwa kwa volti 240, ukiipa 36 itajikokota tu. Isiyo na brashi, ya aina inayotegemea umeme wa ukutani peke yake, haitazunguka kabisa. Wapo wanaopachika inveta juu ya mashine. Hao wameondoa waya wakazibakiza volti 240, tena sasa zinatikiswa kutwa nzima. Mimi sikubaliani na hilo. Afadhali utafute mashine iliyotengenezwa iwe ya betri, ambayo betri zake za asidi zimekufa, ubadilishe betri tu.

Hata hapo pana mtego ukiweka lithiamu. Betri tatu za asidi za volti 12 hufungwa mfululizo kupata 36, na chaja yake hupanda hadi karibu volti 44. Pakiti ya kawaida ya lithiamu ya volti 36 ina seli 10 mfululizo, na kila seli kikomo chake ni volti 4.2, jumla 42. Ukiibakiza chaja ya zamani, unazilazimisha seli zifike 4.4. Lithiamu iliyoshibishwa kupita kiasi huvimba, na ikiwaka moto si wa kuzimwa kwa ndoo. Nunua chaja yake, hakikisha pakiti ina sakiti ya ulinzi, na usiichaji usiku umelala wala karibu na mlango wa kutokea.

Halafu swichi, ambayo watu huiruka. Wati 1,200 kwenye volti 240 ni ampea 5. Kwenye volti 36 ni ampea 33. Waya lazima unenepe na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Umeme wa ukutani hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ndani ya swichi hukatika yenyewe. Wa betri hausinzii. Swichi inaachia, cheche inaendelea kuvuka, shaba inayeyuka na kushikana. Umetoa mkono, kisu bado kinakata. Swichi iliyoandikwa volti 250 za umeme wa ukutani huenda ikastahimili 30 tu za betri. Soma ubavuni mwake.

Marekani, tangu 1982, mashine ya kusukuma lazima kisu chake kisimame ndani ya sekunde 3 mtu akiachia wenzo wa mpini. Kwetu wenzo huo hufungwa mpira wa baiskeli ili mkono upumzike! Mota ya sumaku ina breki ndani yake: swichi ikiachia, iunganishe ncha mbili za mota kupitia kipingamizi, nayo hujikaba yenyewe.

Usitarajie maajabu pia. Betri ya volti 36 na ampea-saa 5 ikikamuliwa wati 1,200 haifiki dakika 10, na nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu, zikiachwa zikafungamana hukamua kweli kweli. Zipunguze kwa fyekeo kwanza.

Kabla ya kumlipa fundi, iwashwe kwenye sakafu tupu, aachie wenzo, mhesabu pamoja. Kisha muulize ufunguo uko wapi. Ya waya ukiichomoa ukutani imekufa. Ya betri iko hai hata ikiwa stoo. Lazima pawe na plagi ya kuchomoa na kutia mfukoni kabla mtu hajaingiza mkono chini kutoa majani yaliyokwama.