Bastola Nyumbani: Usichezee Kifyatulio

Tunduma ni mji usiolala. Usiku na mchana malori hupanga foleni kuelekea Zambia na Kongo, na tangu Oktoba 2019 huhudumiwa katika kituo cha pamoja cha mpakani. Penye malori pana biashara, na penye biashara pana fedha. Si ajabu basi kwamba mwenye duka arejeaye nyumbani gizani na mauzo ya siku nzima hufikiria kuomba leseni ya bastola.

Makala hii haimlaumu. Inamsihi jambo moja tu: akishaipata silaha hiyo, asimruhusu fundi wa mtaani kukichezea kifyatulio chake.

Tuseme mtu huyo anakiona kifyatulio kigumu. Rafiki anamwambia yuko fundi hodari, mwenye tupa na koleo, awezaye kukilainisha kwa saa moja. Ushauri huo wavutia, lakini ni wa hatari. Hebu tutazame sababu zake.

Katika bastola nyingi, kidole kinapovuta kifyatulio, kipande kidogo cha chuma huachia nyundo au pini iliyokuwa imezuiwa. Pini hugonga fataki iliyo katika kitako cha risasi, baruti ikawaka, risasi ikatoka. Maisha ya mtu yanashikiliwa na ncha ya chuma isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele. Chuma hicho kikichongwa kupita kipimo, bastola yaweza kulia inapoanguka sakafuni, au inapotikiswa kiunoni, hali hakuna kidole kilichoigusa.

Tena, ugumu ule si kasoro ya kiwanda. Bastola nyingi za siku hizi huhitaji nguvu ya kiasi cha kilo 2.5 ili zifyatuke. Polisi wa jiji la New York, Marekani, walitumia kwa miaka mingi vifyatulio vya zaidi ya kilo 5, makusudi, ili askari asifyatue kwa kushtuka tu. Mtu aliyeshtuka hukaza ngumi bila kutaka. Ikiwa askari aliyefunzwa aliwekewa ugumu huo, sembuse mwenye duka aliyeamshwa na kishindo usiku wa manane, ambaye huenda ni mwanawe aliyekwenda kunywa maji?

Na hapo ndipo yalipo maumivu yenyewe. Nyumba zetu nyingi ni za vyumba vichache, na chini ya godoro si mahali pa siri. Mtoto akiikuta bastola huivuta kwa vidole gumba viwili. Hata kifyatulio cha kawaida hakimzuii kila mtoto. Kilicholainishwa hakimzuii yeyote.

Sheria nayo haiko kimya. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, silaha humilikiwa kwa leseni, na kazi ya kuitengeneza si ya kila mwenye tupa. Bastola ikiwa na hitilafu, ulizeni kituo cha polisi njia halali ya kuirekebisha. Na aliye na silaha isiyo na leseni akumbuke kwamba Serikali imewahi kutoa muda wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2023. Nafasi ya namna hiyo ikitokea tena, isipuuzwe.

Kwa aliye na leseni, kanuni ni chache. Ihesabu kila bastola kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwa mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio. Unapoitoa risasi, ondoa kwanza magazini, kisha ukague chemba, kwani wengi husahau kwamba risasi moja huweza kubaki humo. Ifungie bastola ndani ya sanduku la chuma, risasi uzifungie mahali pengine, na ufunguo usiwe mikononi mwa watoto.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa hili, ndugu msomaji, tuwaombe radhi wahenga. Ajali ya bastola ina kinga, nayo ni kifyatulio kilichoachwa kama kilivyotoka kiwandani, na kufuli iliyofungwa kabla watoto hawajalala.