Safari ya Jamaa Kwenda Kwenye Tamasha la Maputo

Kila mwaka, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Oktoba, mji wa Albuquerque katika jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, huamka kabla ya jua kwa siku tisa mfululizo. Mamia ya maputo ya hewa moto hutandazwa juu ya uwanja mmoja mpana wa nyasi, yakajazwa hewa, yakapaa. Maputo tunayoyanena si mji mkuu wa Msumbiji, bali ni yale matufe makubwa ya kitambaa yanayobeba watu ndani ya kikapu, ambayo watalii wa Maasai Mara wamekuwa wakiyapanda tangu miaka ya 1970. Tamasha hilo lilianza mwaka 1972 kwa maputo 13 tu, katika maegesho ya magari ya duka kubwa. Mwaka 2000 yalizidi 1,000, na siku hizi huwa kama 500 hivi.

Sisi, familia sita za Mombasa, Malindi na Lamu, tumekusudia kwenda huko, in shaa Allah, tukutane na ndugu zetu walioko Minnesota na Ohio. Jamaa waliotawanyika hukutana siku hizi kwa mambo mawili tu, harusi na maziko, na katika yote mawili wenye shughuli hawana nafasi ya kuketi na mgeni. Tulitaka mahali ambapo hapana mwenyeji wa kuelemewa, na tarehe ambayo hapana mtu awezaye kuisogeza. Kati yetu yuko bibi wa miaka 72 ambaye kwa miaka kumi na mmoja hajamwona binti yake ila katika kioo cha simu, wala hajawahi kuwapakata wajukuu watatu waliozaliwa kule.

Liliulizwa swali mapema, nalo ni swali la haki: fedha hizi si zingekwenda Hija? Tulikubaliana kwamba ambaye Hija imemwajibikia na hajaitekeleza, hatumwiti katika safari hii. Wawili walijitoa kwa sababu hiyo, na tuliwaheshimu zaidi kwa kujitoa kwao. Waliobaki wameanza kuweka akiba, kila familia kwa kiasi chake, na watafanya hivyo kwa miaka miwili.

Hapa ndipo penye uzito wa mambo yote, nasi tunawasihi wenye nia kama yetu wapakazie macho. Safari ya kikundi huvunjika kwenye fedha kabla haijavunjika barabarani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni ile inayoamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, lakini sisi watu wa Pwani tukishakuwa ndugu huona haya kuandikiana. Mara hii tumeandika. Fedha zinakaa katika akaunti ya benki yenye watia saini watatu kutoka familia tatu mbalimbali, na hesabu husomwa kila mwezi mbele ya wote, hata kama hapana kilichobadilika.

Jambo gumu zaidi katika karatasi ile ni viza. Kila mtu huomba kivyake, hulipa ada yake, na huhojiwa kivyake katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Akikataliwa, ada hairudishwi. Mume anaweza kupewa na mke akanyimwa. Kwa hiyo hatukati tikiti hata moja mpaka majibu yote yatoke, na kila aliyekataliwa atarudishiwa akiba yake yote, isipokuwa ada aliyokwisha kuilipa. Bibi tumemwekea sharti lake peke yake: akinyimwa viza, nauli yake itamleta binti yake Mombasa, na familia zote sita zitachangia nauli za wale watoto watatu. Sharti hilo liliandikwa usiku mmoja baada ya Isha na halikuhitaji mjadala.

Tukishuka kwenye tamasha lenyewe, la kwanza la kufahamu ni upepo. Puto halina usukani. Rubani huwasha moto wa gesi, hewa iliyomo ndani hupata joto, puto hupanda. Akiuacha upoe, hushuka. Kupanda na kushuka ndio uwezo wake wote; mengine ni ya upepo. Albuquerque imejaaliwa jambo ambalo wazee wetu wa majahazi wangelistaajabia. Katika asubuhi nyingi tulivu za majira hayo, hewa baridi iliyoteremka usiku hufuata bonde la mto Rio Grande kuelekea kusini, karibu na ardhi, hali juu yake upepo mwingine unavuma kuelekea kaskazini. Nahodha wetu alisafiri kwa kaskazi, kisha akangoja miezi mpaka kusi imrudishe. Kule kaskazi iko chini na kusi iko juu, saa ile ile. Rubani huondoka uwanjani akiwa chini, akapelekwa kusini, kisha akapanda na kurudishwa kaskazini, na pengine akatua si mbali na pale alipoanzia.

Lakini jua likishaipasha ardhi moto, mpangilio huo huvurugika, na ndiyo sababu kila kitu hufanyika mapema. Maputo machache hutangulia kungali giza ili kuupima upepo, yakiwaka kama kandili hewani. Mpao mkubwa huanza yapata saa moja asubuhi. Bendera ya kijani maana yake ni ruhusa, ya njano ni kungoja, na nyekundu maana yake hapana puto litakaloruka. Wanaoyaruhusu maputo uwanjani, moja baada ya jingine, huvaa mavazi ya milia myeupe na myeusi, na huitwa pundamilia. Watoto wetu wamelifurahia hilo kuliko habari nyingine yoyote tuliyowapa.

Basi mtu anayesafiri kutoka Pwani akapanga asubuhi moja tu uwanjani, ameiweka safari yake yote juu ya bendera. Tumepanga asubuhi nne, Jumanne hadi Ijumaa, kwa kuwa watu ni wachache kuliko mwisho wa juma, na kwa kuwa Alhamisi na Ijumaa ndizo siku za maputo yenye maumbo ya ng'ombe, nyuki na vioja vingine. Anayetaka kuruka, gharama ni mamia ya dola kwa mtu mmoja, naye atalipa kwa mfuko wake, si wa kikundi. Aiweke zamu yake Jumanne, ili upepo ukikataa zibaki siku za kuahirishia. Abiria husimama muda wote, na kutua kwaweza kuwa kwa kishindo hata kikapu kikalala ubavu; wajawazito na wenye magoti mabovu wasijaribu. Mwanamke avae suruali pana ndani ya buibui, kwa sababu kikapuni huingiwa kwa kupanda ukuta wake. Kwa maoni yetu, asiyeruka hapotezi mengi. Watazamaji wa Albuquerque huruhusiwa kutembea uwanjani katikati ya maputo yenyewe, wakazungumza na marubani.

Swala ya Alfajiri yataka mpango wake. Mwanzoni mwa Oktoba jua huchomoza huko baada kidogo ya saa moja, na alfajiri huingia zaidi ya saa nzima kabla yake. Wakati huo tutakuwa tumekwisha kufika uwanjani, au tumo ndani ya basi katika msururu wa magari. Tutatawadha nyumbani, tutachukua miswala, na tutaswali pembezoni mwa uwanja. Kibla cha Mombasa ni karibu kaskazini hasa. Cha Albuquerque ni kaskazini-mashariki, na milima ya Sandia iko mashariki ya uwanja, kwa hivyo mtu akiikabili milima ageuke upande wa kushoto. Na kwa kuwa tumenuia kukaa zaidi ya siku nne kamili, kwa madhehebu yetu ya Shafi hatutapunguza swala tukiwa mjini. Ijumaa tutaswali katika msikiti wa Islamic Center of New Mexico.

Mji uko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,600, karibu sawa na Nairobi, na asubuhi zake ni za baridi kali kwa mtu wa Lamu. Makoti, soksi, glavu. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tisa, kwa hiyo tutafika Jumapili na Jumatatu yote ni ya kulala. Bima ya matibabu ni lazima kwa kila mmoja, kwa maana siku moja ya hospitali ya Marekani yaweza kumeza akiba ya familia nzima. Sambusa za nyama zisifungwe mzigoni. Forodha yao huzuia nyama. Uwanjani huuzwa mikate ya kukunja yenye mayai, viazi na pilipili mbichi ya kuchomwa, tamu kwa sifa zake, lakini mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe, na hata maharagwe ya jimbo hilo huweza kupikwa kwa mafuta yake. Ndugu zetu wa Ohio wameahidi mahamri na chupa za chai.

Watoto wa madarasa ya mitihani watabaki, kwa kuwa Oktoba ni muhula wa tatu. Shangazi mmoja amejitolea kukaa nao. Tumempangia zawadi ambayo hatuitaji hapa kwa kuwa yeye ni msomaji wa jarida hili.

Jumamosi tumeitenga kwa Abiquiú, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kuelekea kaskazini. Huko juu ya kilima upo msikiti wa Dar al-Islam, uliosanifiwa na Hassan Fathy, msanifu mashuhuri wa Misri, ambaye alifika mwaka 1980 pamoja na mafundi Wanubi kuwaonyesha wenyeji namna ya kuujenga. Ni wa matofali ya udongo, kama nyumba za asili za New Mexico. Sisi tuliolelewa katika nyumba za mawe na chokaa twajua kwamba upana wa chumba ni urefu wa boriti. Fundi wa Lamu hawezi kukipanua kuliko mti wa mkoko unavyofika. Wanubi huezeka bila boriti hata moja: hupanga matofali kwa kuyaegemeza, safu juu ya safu, mpaka dari linajikunja na kujibeba lenyewe. Bibi, ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa kuezeka, ametaka kuswali Adhuhuri ndani ya msikiti huo na kisha aachwe alitazame dari kwa muda anaoutaka, nasi hatukuweka shughuli nyingine siku hiyo.