MICHE BORA YA CHAI: KWANZA MIZIZI, KISHA MAJANI

Katika nchi ya Kericho na Bomet, mchai uliopandwa vema na kutunzwa waweza kuchumwa kwa miaka 50 na zaidi. Kwa hiyo kosa dogo lifanywalo kitaluni si kosa la msimu mmoja. Apandaye mche mbaya hula hasara yake mwaka baada ya mwaka, na pengine humrithisha mwanawe.

Hapo kale michai ilioteshwa kwa mbegu, na shamba moja likawa na michai isiyolingana. Siku hizi wakulima wengi hutumia vipandikizi, kwani kila kipandikizi hufanana na mchai mama. Miongoni mwa aina zilizochaguliwa na watafiti wa Kericho ni ile iitwayo 6/8, isifiwayo kwa chai yake nzuri.

Vipandikizi hupandwa katika mifuko myembamba ya nailoni isiyo na kitako, yenye urefu wa sentimita 25 hivi. Sehemu ya chini ya mfuko hujazwa udongo wa juu wenye rutuba. Sehemu ya juu hutiwa udongo wa chini uliochimbwa kwa kina, usio na samadi wala majani yaliyooza, kwa maana humo ndimo mizizi ya kwanza itakamochipuka. Mchai hupenda udongo mchachu. Basi udongo usichukuliwe penye boma la ng'ombe la zamani, wala palipokuwa na nyumba au majivu, kwani hapo uchachu umepungua.

Kipandikizi hukatwa katika tawi changa, lakini ncha iliyo laini mno na sehemu ngumu ya chini huachwa. Kiwe na jani moja, chipukizi lake, na kijiti cha sentimita 3 au 4. Kitiwe majini mara moja, kisha kipandwe bila jani kugusa udongo. Baada ya kunyweshwa maji, tuta hufunikwa kwa karatasi ya nailoni juu ya fito zilizopindwa, na kingo zake hufukiwa ili hewa isipite. Juu yake pawe na kivuli. Matone yaonekanayo ndani ya karatasi ni dalili kwamba unyevu ungalipo.

Baada ya miezi 3 au 4 mizizi huwa imeshika, na karatasi hufunuliwa kidogo kidogo. Kivuli nacho hupunguzwa polepole, ili mche uzoee jua. Mche uliotolewa kivulini ghafula hukauka kama mgonjwa aliyepelekwa kazini kabla ya kupona.

Lakini hatari iliyo kubwa haionekani kwa macho. Mche ukikawia mno mfukoni, mizizi hufika mwisho, ikajizungusha kama kamba. Ukipandwa hivyo, mizizi haiteremki chini. Wakati wa mvua mchai hustawi, na mwenyewe hufurahi. Kiangazi kikija hunyauka, naye hulaumu jua. Kwa hiyo mwenye kununua miche asidanganywe na majani ya kijani. Na aombe mfuko mmoja upasuliwe, atazame mizizi yake. Gharama ya mche mmoja ni ndogo kuliko ya shamba zima.

Siku ya kupanda, mfuko sharti uondolewe wote, bila kuuvunja udongo ulioshikana na mizizi. Mizizi iliyopindika chini ikatwe kwa kisu kikali. Wako wakulima waharakishao kazi, wakafukia mche pamoja na nailoni yake. Hao wameifunga mizizi gerezani kwa mikono yao wenyewe.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mchai ukiisha kushika shambani, mizizi yake hainyoshwi tena. Yafaa basi kila mkulima auangalie mche wake ungali mfukoni.